Jibu: Nakuru, mkutano wa kuacha pombe unaupataje

Wewe uliyeuliza kama hapa Nakuru kuna mahali walevi wanaotaka kuacha hukutana, ila hutaki kwenda kuwekelewa mikono na kuombewa mbele za watu: mahali papo. Usitafute bango tu, maana mimi nilitafuta bango mwezi mzima.

Nilianza na kegi, nikaishia na chochote kilichokuwa kwenye chupa. Asubuhi saa moja nilikuwa nishatoa loki, yaani nishakunywa ya kutuliza uchovu wa pombe ya jana, ndipo nifungue duka. Nilipoamua kutafuta AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe), nilichukua anwani kwenye intaneti, nikalipa nauli, nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli lenye kutu. Kikundi kilikuwa kimehama zamani. Unajua nilikwenda wapi kutoka pale. Kwa hiyo kabla hujalipa matatu, piga simu kwanza, uulize mkutano bado upo, siku gani, saa ngapi, na kama ni wa wazi au wa kufungwa. Wa wazi hata mkeo au ndugu yako anaweza kukaa akasikiliza. Wa kufungwa ni wa wenye shida ya pombe peke yao. Kama huna pa kuanzia, piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure. Waambie uko Nakuru na unataka kikundi cha wenzako, si kulazwa, maana usipofafanua unaweza kuelekezwa rehab.

Mkutano nilioupata baadaye nilielekezwa na muuguzi, baada ya kisa nitakachokueleza. Nilifika, nikapita lango mara tatu kama mwizi anayepima nyumba. Mwishowe nikamwambia soja, mlinzi wa lango, natafuta "mkutano wa chama". Akaniangalia mikono. "Wale wa chai? Zunguka nyuma, karibu na jikoni." Hakuongeza neno.

Nyuma kulikuwa na chumba cha shule ya Jumapili. Watu saba wazima wamekalia viti vya watoto, magoti karibu yaguse kidevu. Mama mmoja akanimiminia chai nusu kikombe. Moyoni nikasema, hata chai wananipimia! Wiki kadhaa baadaye ndipo nilipoelewa: mgeni humiminiwa nusu ili mikono ikitetemeka isimwagike, akaona aibu akakimbia.

Ndiyo, ukumbi ulikuwa wa kanisa. Mkutano si wa kanisa, wamekodi tu. Kofia inazungushwa ya kodi na majani ya chai, na mgeni haombwi kitu. Mungu anatajwa kwenye zile hatua 12 za kuacha pombe ambazo AA inazifuata, sikufichi, lakini kila mtu anaachiwa amwelewe anavyomwelewa. Kuna mzee Mwislamu wa mtaa wa Bondeni ambaye akimaliza kuzungumza anakwenda zake kuswali, na hakuna anayemwuliza lolote. Sharti la kuingia ni moja: uwe unataka kuacha kunywa. Jina unalotaja ni la kwanza tu. Kama hutaki kusema, sema unapita. Mimi nilipita mikutano mitatu.

Nilichokipenda ni kwamba hakuna anayekukaripia. AA ilianza hivyo hivyo mwaka 1935 kule Akron, Ohio: mtu wa masoko ya hisa, anayehangaika asirudi kunywa, alimtafuta daktari mlevi mwenzake akamsimulia yaliyompata yeye. Hakumhubiria. Wapo wanaosema mikutano hii ni "watu kupiga domo" tu, na ni kweli, tunapiga domo. Lakini mimi nilishaambiwa "acha pombe" na mama, mke, chifu na mchungaji. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuficha chupa ndani ya tangi la choo.

Saa pia iangalie. Sheria ile ya 2010 tuliyoiita Mututho, kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, inafungulia baa saa kumi na moja jioni siku za kazi. Hiyo ndiyo saa yangu mbaya. Mkutano wetu huanza kumi na moja u nusu, kwa hiyo mimi hufika saa kumi na nusu kupanga viti. Soja alishazoea.

Sasa kile kisa. Kama unakunywa kila siku na asubuhi unatetemeka, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Mimi niliacha Ijumaa kwa hasira, Jumamosi usiku nikaanguka na degedege, nikang'ata ulimi. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kukuua. Mwone daktari kwanza, umwambie ukweli wa kiasi unachokunywa, akupe dawa za siku hizo za mwanzo. Mkutano hautibu hilo.

Mkeo pia ana mahali pake, Al-Anon, ya jamaa za walevi. Wangu alitafuta hapa mjini akakosa, akaingia ya mtandaoni na simu yake. Siku za kwanza sikupenda. Nilidhani ananisengenya, na huenda alikuwa ananisengenya kweli.

Ukikubali kuja, niandikie faraghani kabla ya Alhamisi. Nitakuwa langoni na jaketi la kijani, na sitakuuliza jina.