Mkalimani wa kiziwi kotini analipwa na nani?

SWALI: Habari ya kazi. Kaka yangu ni kiziwi tangu utotoni. Mwezi uliopita alishikwa juu ya vita ilitokea sokoni na sasa ana kesi ya kujeruhi mtu. Siku ya kwanza kotini hakukuwa na wa kumfasiria, mimi ndiyo nikaambiwa nisimame kando yake nimwelezee, nikashindwa, kesi ikaahirishwa. Halafu nikaambiwa tukirudi tukuje na mkalimani wetu na tumlipe wenyewe. Niliyempata anataka pesa ya siku nzima na nauli juu, na hatuna. Tena nasikia serikali inasaidia tu mwenye kadi ya walemavu, na yeye hana. Ni kweli?
Dada mtu, Bungoma

JIBU: Dada, usilipe. Pole sana kwanza, lakini usilipe, na usikope pesa ya mtu kwa hii kitu. Kaka yako ni mshtakiwa, na Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinasema mshtakiwa asiyeelewa lugha inayotumika kotini apewe mkalimani bila malipo. Bila malipo ni upande wake yeye, mkalimani mwenyewe ni mfanyakazi lazima alipwe, ila hiyo ni kazi ya mahakama siyo ya familia. Na hicho kifungu hakitaji kadi popote. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni ya maana kwa mambo mengine, mwandikishe tu ukipata nafasi, lakini asinyimwe mkalimani kwa sababu hana.

Kabla ya tarehe inayofuata andikia msimamizi wa hiyo mahakama barua fupi, weka namba ya kesi, sema mshtakiwa ni kiziwi na anahitaji mkalimani wa lugha ya ishara ya Kenya, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Siku ya kesi, kabla hajasomewa mashtaka, mwambie hakimu mbele ya watu wote na uombe iandikwe kwenye rekodi. Hapo kwa rekodi usilegee kabisa, maana kuna hukumu zimefutwa kwenye rufaa kwa sababu rekodi haionyeshi mshtakiwa alifasiriwa kwa lugha gani. Hata polisi walipomshika, Kifungu cha 49 kiliwataka wamweleze sababu kwa lugha anayoelewa, kwa hivyo kama aliandikisha taarifa bila mkalimani mwambie wakili hilo mapema. Na wewe usikubali tena kusimama pale kama mfasiri, wewe ni damu yake na huenda ukaitwa shahidi.

Sasa kuna jambo hujaniandikia na ndilo linanisumbua zaidi. Kaka yako alisoma shule ya viziwi? Wengi huko mashambani hawakupelekwa, wanatumia ishara za nyumbani ambazo mama na ndugu ndio wanazijua, na ukimletea mkalimani aliyesomea kazi akianza kuonyesha ishara za shuleni yule mtu anatingisha kichwa tu kwa heshima, na koti inaandika ameelewa. Hiyo ni hatari kubwa, mtu anaweza kukubali kosa hajui ni nini. Kama ndivyo alivyo, sema wazi. Kifungu hicho hicho cha 50 kinaruhusu mahakama kumpa mshtakiwa msaidizi wa mawasiliano, na inaweza kuwa kiziwi mwenzake aliyezoea kuongea na watu wa aina hiyo, akifanya kazi pamoja na mkalimani. Ni watu wawili, gharama inapanda, na bado siyo yenu.

Nje ya koti mambo ni magumu. Hospitalini Kifungu cha 54 kinampa haki ya kutumia lugha ya ishara, lakini hapewi pesa mkononi aajiri mkalimani, inabidi hospitali yenyewe imtafute, na nyingi hazina hata mmoja. Hapo naona serikali za kaunti zimelala na watu wanaumia.

SWALI: Mume wangu ni kiziwi, amepata kazi huku Uingereza. Mkalimani atamlipa mwenyewe?
Mama watoto, Leicester

JIBU: Hapana mama. Huko kuna Access to Work, pesa ya serikali inayomfuata mfanyakazi mwenyewe, hairudishwi na hawaangalii mshahara wake. Inatolewa kwa aliye na miaka 16 kwenda juu anayefanya kazi England, Scotland au Wales, aliyejiajiri pia, hata intavyuu ya kazi inasaidiwa. Wa kujitolea hapati. Akienda hospitali ya NHS, yaani ya serikali ya huko, ni hospitali inamtafutia mkalimani, haitoki kwenye pesa ya Access to Work. Ila kama alijifunza ishara Kenya ajue za Waingereza ni tofauti kabisa, alfabeti yao inatumia mikono miwili, kwa hivyo atafute mkalimani mvumilivu. Na aombe yeye mwenyewe siyo mwajiri, aombe sasa hivi, maana maombi yanaweza kukaa miezi, na anayeanza kazi ndani ya wiki 4 hutangulizwa.