Maduka ya kwanza ya Nicodemus, Kansas, uanzie wapi

Umeuliza uanzie wapi kutafuta historia ya maduka ya kwanza ya Nicodemus, ule mji ulioanzishwa na watu weusi kule Kansas, Marekani, mwaka 1877, mi ningeanza na posta kaka. Miji midogo ya Marekani enzi zile posta mara nyingi ilikuwa ndani ya duka la mtu au hotelini, kwahiyo ukimpata posta masta umeshampata na mfanyabiashara, mfano hapohapo Nicodemus, jamaa anaitwa Z. T. Fletcher alikuwa posta masta wa kwanza na ndo huyohuyo mwenye hoteli ya St. Francis. Rejista za uteuzi wao ziko National Archives, yaani hifadhi ya nyaraka za taifa ya Marekani.

Afu ingia kwenye magazeti, gazeti la hapohapo Nicodemus, Western Cyclone, lilianza 1886, wewe habari achana nazo soma matangazo tu, nani anauza viatu, nani dawa, tangazo la nani limepotea ghafla, hapo ndo utamu ulipo. Na angalia sana 1888 manake reli iliukwepa mji ikapita ng'ambo ya mto Solomon na wenye maduka wengi wakahamia huko, mji wa Bogue, so ukiona duka limepotea usidhani limefilisika.

Watu watakwambia ramani za bima ya moto za Sanborn, ni nzuri kweli, zinaonyesha kila jengo kwa rangi, pinki ni la matofali, njano ni la mbao, ila vijiji vidogo vingi havikuchorwa. Sensa ya 1890 isahau, karibu yote iliharibika baada ya moto wa 1921.