Kabla Hujachapisha Kipande, Tafuta Mkanda Mzima

Kila mwaka hunijia vijana wawili watatu wenye nia ya kuanzisha tovuti ya habari na maoni, na karibu wote huanza kwa kuuliza habari za vifaa: kamera ipi inafaa, matangazo ya biashara yanalipaje, wasomaji wanapatikana wapi. Mimi huwaomba wayaweke hayo kando kidogo, kisha wasome maisha ya kazi ya Mmarekani mmoja, Andrew Breitbart, mchapishaji na mchambuzi wa mrengo wa kihafidhina aliyefariki dunia ghafla Machi 1, 2012 akiwa na umri wa miaka 43. Siwatumi kwake ili waige siasa zake au wazikatae. Wahariri wengi wenye msimamo, wa kulia na wa kushoto, wamepita njia ileile, lakini yeye aliipita hadharani kiasi kwamba mafanikio yake na makosa yake yote yanaonekana.

Breitbart alizaliwa mwaka 1969 na kukulia Los Angeles, akahitimu Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, mwaka 1991, na kwa muda hakujua afanye nini na maisha yake. Katikati ya miaka ya 1990 alikutana na Matt Drudge, ambaye Drudge Report yake ilianza kama jarida la barua pepe kabla ya kuwa tovuti ya viungo vya habari, na ambaye Januari 1998 ndiye aliyetoa mbele ya umma habari ya uhusiano wa kimapenzi wa Rais Bill Clinton na Monica Lewinsky, aliyekuwa mwanagenzi wa Ikulu, wakati jarida la Newsweek lilikuwa limeizuia. Breitbart alikaa nyuma ya Drudge kwa miaka mingi, jina lake likiwa halifahamiki kwa wasomaji, akipitia taarifa za mashirika ya habari kutwa nzima, akichagua ipi ipande juu na ipi ishuke, akitunga vichwa vya maneno machache. Alifanya kazi pia na mwandishi Arianna Huffington, na mwaka 2005 akashiriki kuanzisha Huffington Post, tovuti ambayo mwelekeo wake ulikuwa wa kiliberali. Ninyi mnaoanza, hapa ndipo ninapotaka mtulie zaidi, kwa sababu wengi wenu mnataka kuwa wachambuzi kabla hamjawa wasomaji. Mtu aliyesoma habari mia kwa siku kwa miaka kumi anatambua kwa haraka sentensi iliyobeba uzito na ile iliyowekwa kujaza nafasi, na ujuzi huo hauji kwa njia nyingine.

Upande wa fedha nitaupitia kwa ufupi. Tovuti yake mwenyewe, Breitbart.com, iliyoanza mwaka 2005, mwanzoni ilikuwa hasa mahali pa kusomea taarifa za mashirika makubwa ya habari, na wasomaji wengi walifika kwa viungo vilivyowekwa na Drudge. Ni mwanzo mzuri, lakini anayepokea wageni wake wote kupitia mlango wa jirani hana budi kujijengea mlango wake mapema, na yeye alifanya hivyo kwa kufungua tovuti mpya moja baada ya nyingine: Big Hollywood mwanzoni mwa 2009, Big Government Septemba mwaka huohuo, Big Journalism mwaka 2010.

Big Government ilizinduliwa kwa video zilizorekodiwa kwa siri na wanaharakati vijana wa kihafidhina James O'Keefe na Hannah Giles, waliojifanya kahaba na mpenzi wake wanaotafuta ushauri wa makazi katika ofisi za ACORN, mtandao wa asasi uliosajili wapigakura na kuwatetea watu wa kipato cha chini. Tazameni namna zilivyotolewa. Ilitangulia ya Baltimore, na wakati shirika likijitetea kwamba lile lilikuwa tukio la ofisi moja, ikafuata ya Washington, kisha New York, kisha miji ya California. Kila utetezi ulikuta video nyingine tayari. Ndani ya wiki chache Bunge la Marekani lilipiga kura kuikatia ACORN fedha za umma, na mwaka uliofuata mtandao huo ulivunjika. Kama kazi ya mchapishaji, mpangilio ule ulikuwa wa ustadi mkubwa. Hata hivyo uchunguzi wa Mwanasheria Mkuu wa California mwaka 2010 ulionyesha kwamba mikanda ilikuwa imehaririwa sana, na haukukuta kosa la jinai kwa wafanyakazi wale. Mmoja wao, wa San Diego, alikuwa amefukuzwa kazi, kumbe baada ya wageni wale kuondoka alikuwa amewasiliana na polisi. Mwaka 2013 O'Keefe alikubali kumlipa dola 100,000.

Somo hilo halikuingia kwa wakati. Julai 2010 NAACP, jumuiya kongwe ya kutetea haki za Wamarekani weusi, ilipitisha azimio la kuitaka Tea Party, harakati ya wahafidhina waliopinga kodi na matumizi makubwa ya serikali, iwakane wabaguzi walio ndani yake. Breitbart alikasirika, na siku chache baadaye, Julai 19, alichapisha kipande cha video cha Shirley Sherrod, mwanamke mweusi aliyekuwa mkurugenzi wa maendeleo ya vijijini wa Wizara ya Kilimo katika jimbo la Georgia, akisimulia katika mkutano wa NAACP jinsi alivyosita kumsaidia kwa nguvu zote mkulima mzungu. Siku hiyohiyo mama huyo alilazimishwa kujiuzulu, na NAACP yenyewe ikamlaani. Kesho yake hotuba nzima, yenye zaidi ya dakika 40, ilipatikana. Kisa kilikuwa cha mwaka 1986, kabla hajaajiriwa na serikali, na alikuwa akikisimulia kama ushuhuda wa jinsi alivyoshinda chuki yake na kumsaidia mkulima yule kuokoa shamba. Familia ya mkulima ilijitokeza kumtetea. Waziri Tom Vilsack aliomba radhi, NAACP ikafuta kauli yake, na Rais Obama akampigia simu. Breitbart alieleza kwamba kipande kilimfikia kikiwa tayari kimekatwa na kwamba lengo lake halikuwa Sherrod bali jinsi hadhira ya NAACP ilivyoipokea simulizi hiyo. Naamini maelezo hayo, na ndiyo maana yananiuma, kwa sababu yanaonyesha jinsi mhariri mzoefu anavyoweza kuacha swali la kwanza kabisa, yaani sehemu iliyobaki iko wapi, kwa kuwa kipande kimekuja wakati ana hasira na kinasema hasa alichotaka kusikia.

Nasema hivi kwa kuwa mimi nimewahi kufanya vivyo hivyo. Katika miaka yangu ya mwanzo nilitumiwa kipande cha sekunde arobaini cha mwalimu mmoja akiwakemea wazazi kikaoni kwa maneno makali. Nilikuwa nimeandika mfululizo wa makala kuhusu adabu ya walimu, hivyo nikakipandisha kabla chai yangu haijapoa. Mkanda mzima ulionifikia siku mbili baadaye ulionyesha kwamba alikuwa akinukuu barua ya matusi aliyoandikiwa yeye. Nilikiondoa, nikaandika masahihisho na kuyaweka juu kabisa ya ukurasa, nikaenda kwake kuomba radhi. Alinipokea kwa heshima, akaniambia kuwa wanafunzi wake walikuwa wameshakiona. Tangu hapo hakuna kipande kinachopita mezani kwangu bila kujulikana kilirekodiwa lini, na nani, na kina dakika ngapi kabla na baada yake.

Mwaka 2011 Breitbart alionyesha uwezo wake kwa upande bora. Mwishoni mwa Mei tovuti yake iliripoti kuhusu picha isiyo na staha iliyotumwa kutoka akaunti ya Twitter ya mbunge Anthony Weiner, ambaye alidai kwamba akaunti imedukuliwa. Kwa siku kumi wengi walimshuku mchapishaji kuliko mbunge, wakikumbuka kisa cha Sherrod. Yeye alitafuta ushahidi zaidi, na Juni 6, katika mkutano na waandishi jijini New York, Weiner alikiri, baada ya Breitbart kupanda jukwaani kabla yake na kudai asafishiwe jina. Siku kumi baadaye mbunge alitangaza kujiuzulu. Angalieni gharama iliyolipwa katika siku zile kumi: habari ilikuwa ya kweli tangu mwanzo, lakini ilibidi ibebe mzigo wa habari ya mwaka uliotangulia.

Sherrod alikuwa tayari amefungua shauri la kashfa mwaka huohuo wa 2011. Breitbart alifariki likiwa mahakamani, mjane wake akachukua nafasi ya mdaiwa, na pande zote hazikufikia suluhu hadi mwaka 2015.