Mnaojiandikisha mtihani wa leseni ya kupiga dawa, someni hii kabla hamjalipa

Jamani wadogo zangu mlioko huku Marekani, kila msimu ukikaribia naona mambo yaleyale, mtu analipia mtihani kwanza halafu ndo anauliza amelipia nini. Inaniuma kwa sababu nyie ni wachapakazi, bomba la mgongoni mnalijua vizuri, kinachowaangusha ni fomu.

1. Jua kama leseni unayotaka ni praiveti, yaani ya kilimo, au komesho, yaani ya kazi za biashara kama za wateja. Hapa ntakaa kidogo. Kuna dogo tulikuwa naye kwenye kampuni ya kupiga dawa bustani za wateja. Kafungua fomu, kaona praiveti ina mtihani mmoja, komesho ina kore (mtihani wa msingi) na kategori (mtihani wa aina ya kazi), akachukua njia fupi. Akawa anasoma usiku baada ya kazi, buti hata hajavua, na akafaulu vizuri tu. Karudi na cheti kakishika kwa mikono miwili, bosi kasoma mstari wa juu, akamrudishia bila kusema kitu. Praiveti ni ya mambo ya kilimo, unapiga zile dawa zenye masharti, zisizoruhusiwa kwa kila mtu, kwenye shamba lako, ulilokodi au la mwajiri wako. Kwa nyasi za wateja haikusaidii chochote. Ikabidi aanze upya, alipe tena, asubiri nafasi, na msimu ukaisha wenzake wanashika mashine yeye anavuta mpira wa mashine tu. Hakuwa mzembe yule kijana, hakuna aliyemwambia tu!

2. Kore peke yake haikupi leseni ya komesho, lazima na kategori angalau moja, na ifuate kazi utakayofanya: kando ya barabara ni nyingine, wadudu wa majumbani nyingine, dawa za kwenye maji nyingine. Muulize bosi.

3. Jina kwenye fomu lifanane na la kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu tunaumia sana hapa, mara umeweka la babu mara umeliacha. Msimamizi atakagua kitambulisho cha serikali chenye picha, ndo kanuni ya EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, inavyotaka. Na uwe umetimiza miaka 18.

4. Kitabu chako hakiingii ndani, kwa hiyo hesabu ziwe kichwani. Ekari ni futi za mraba 43,560. Mashine inatoa galoni 20 kwa ekari, tenki ni galoni 100, hapo unafunika ekari 5, lebo ya dawa ikisema painti 2 za dawa kwa ekari unaweka painti 10. Watu wanakalibreti (kupima mashine inatoa kiasi gani) shambani macho yamefumba halafu wanakwama hapa, fanyeni mazoezi kwenye karatasi jamani.

5. Leseni haizidi miaka 5 bila kuhuishwa, majimbo mengine ni chini ya hapo, na usivuke nayo kwenda kupiga dawa jimbo jingine kabla hujauliza. Ile imeili ya kuthibitisha nafasi iprinti mapema, iweke pamoja na kitambulisho.