Muulize Mfamasia: Vidonge vya Jumanne

SWALI: Shikamoo dada. Mwanangu ana miaka 6 na anaumwa leukemia, saratani ya damu. Dripu zimekwisha, sasa namnywesha vidonge nyumbani: merkaptopurini kimoja kila usiku, na methotreksati vidonge 6 kila Jumanne. Juma lililopita tulikuwa safarini, nikaisahau ile ya Jumanne, nikaja kuikumbuka Alhamisi. Je, Jumanne hii nimpe vidonge 12? Halafu ametoka vidonda mdomoni na amepauka. Wifi yangu kaniletea vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki, aina ya vitamini. Nisipovitumia ataona nimemdharau, nikivitumia namwogopea mtoto.
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba, mama. Tulishazungumza kwa simu siku ileile barua yako iliponifikia, kwa sababu jambo hili halikuwa la kungoja gazeti lichapwe. Hapa nawaandikia wazazi wengine wenye chupa mbili kama zako kabatini.

Vidonge 12, hapana kabisa. Dozi ya methotreksati iliyokupita hailipwi kama deni. Ipigie simu kliniki, taja siku uliyoruka, wakuambie wao lini uendelee.

Kilichonishtua zaidi ni vidonda. Methotreksati inajulikana kwa kuchubua mdomo, lakini wewe uliiruka! Ndiyo maana nilikuomba uvae glovu, umimine vidonge juu ya karatasi, unihesabie kimoja kimoja. Mara nyingi dawa hizi mbili zote ni vidonge vidogo vya njano iliyofifia, na usiku mtu amechoka, mkono hushika chupa isiyo yake. Vidonge 6 vya miligramu 2.5 kwa juma ni tiba. Vidonge hivyohivyo kila siku kwa juma zima ni 42, na hiyo ni sumu inayoweza kuua.

Nalijua hilo kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilibandika kwenye chupa ya methotreksati maneno "Kama ulivyoelekezwa". Aliyeelekezwa alikuwa mama. Aliyebaki na mtoto nyumbani alikuwa bibi, naye akampa kila siku, kwa upendo wote. Siku ya sita binti yule aliletwa mate yakimchuruzika, hawezi kumeza hata maji. Alichomwa sindano za asidi ya folini, inayookoa seli zilizozidiwa na methotreksati, akapona baada ya majuma kadhaa wodini. Tangu siku hiyo naandika jina la siku kwa herufi kubwa, JUMANNE TU, na namwomba mzazi anisomee kwa sauti kabla hajaondoka dirishani.

Hesabu yako ilitimia, nikashusha pumzi. Kumbe chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka, kipimo kikathibitisha, na daktari akasimamisha dawa zote mbili kwa muda. Hilo hutokea, kwa sababu dawa hizi hukandamiza uboho, kiwanda cha damu. Wapo watoto ambao miili yao kwa maumbile huivunja merkaptopurini polepole, kwa hiyo dozi ya kawaida kwao ni kubwa mno na hupunguzwa. Lakini mzazi asiisimamishe kwa uamuzi wake. Watoto wanaorukishwa dozi mara kwa mara ndio ambao ugonjwa huwarudia zaidi, hata kama wanaonekana wazima na wanakimbia uwanjani.

Sasa vidonge vya wifi. Mshukuru kwa dhati, kisha uviweke kando. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber na wenzake wa Boston walichapisha matokeo ya watoto 16 wenye leukemia waliopewa aminopterini, dawa inayoizuia foliki isifanye kazi. 10 walipata nafuu, ingawa ya muda. Kabla ya hapo Farber alikuwa ameona foliki ikionekana kuuchochea ugonjwa. Methotreksati ni ndugu wa aminopterini: inazinyima seli za saratani foliki zinayohitaji ili kuzaliana. Ukimpa mtoto foliki bila daktari kujua, unaweza kuwa unazilisha seli ambazo dawa inazinyima chakula. Wifi anaweza kukwambia kuna jirani anayetumia methotreksati kwa ugonjwa wa viungo na akapewa foliki. Ni kweli, lakini ugonjwa ule ni mwingine, si saratani. Mpauko wa mwanao unatibiwa kwa kujua sababu yake, pengine hata kwa kuongezewa damu hospitalini.

Uliniambia pia kwamba wifi ni mjamzito na hukusaidia kuvunja vidonge. Naomba sana asiviguse. Wewe nawe usivisage wala kuvivunja nyumbani, vumbi lake si la kuvutwa puani. Mtoto akishindwa kumeza, tuambie tumtafutie ya maji.

Ibuprofeni na aspirini usimpe. Joto likifika nyuzi 38, usianze na parasetamoli, itaificha homa huku maambukizi yakiendelea. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata iwe saa nane usiku, na ubebe chupa zote mbili.