Ramani za zamani na mahame ya kusini

Ukitaka kujua wazee wenu waliishi wapi kabla ya Operesheni Vijiji, ile ya miaka ya 1970 iliyowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, weka kando ramani ya simu. Tafuta karatasi ya ramani ya zamani ya kipimo cha 1:50,000, zile zilizochorwa kwa picha za anga. Anza kuulizia kitengo cha ramani cha Wizara ya Ardhi. Ukiipata, soma kwanza pembezoni mwaka wa picha, si mwaka wa kuchapwa tu. Kwa Mtwara na Lindi, ninazozipenda ni zenye picha za kabla ya katikati ya miaka ya 1960, watu walipokuwa bado wametawanyika mashambani.

Sentimita mbili ni kilomita moja, kwa hiyo hata njia ya miguu inaonekana. Tazama ukingo wa Uwanda wa Makonde pale Newala. Mistari ya mwinuko imebanana, na katikati yake kinapita kistari cha nukta kinachoshuka bondeni. Uwanda ule hauna mito juu, na nyingi ya njia hizo zilikuwa za kwenda kuchota maji bondeni. Basi mkalishe bibi, umtajie kijito kilichoandikwa chini. Nimeona mabibi walionyamaza mbele ya swali la "historia ya kijiji" wakianza kutaja wenyewe: hapa tulipumzika, pale palikuwa kwa fulani. Taja kijito kuliko kijiji. Jina la kijiji huhama na watu, la kijito hubaki.

Ukienda mahameni, nenda kiangazi nyasi zikishaungua. Miembe mikubwa iliyojipanga, mawe ya kusagia, vigae: hapo palikuwa na mji. Ukitumia GPS, iweke kwenye Arc 1960, mfumo wa vipimo uliotumika kuchora ramani hizo, la sivyo utapotea kwa mita 300 hivi, na porini hizo ni nyingi. Mwenyekiti wa kijiji aarifiwe mapema, na makaburi usiyapige picha kabla wenyewe hawajaridhia.

Wa Nachingwea mna jambo la ziada. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa, lakini kwenye karatasi za wakati ule bado imo. Fuateni tuta lake, muwaulize waliobeba mataruma. Wamebaki wachache mno, wafuateni kabla ya msimu wa korosho.