Usimnyang'anye skripti: ushauri kwa mwanahabari wa redio anayeanza kufundisha

Ukishafanya kazi miaka kadhaa kwenye redio ya umma ya eneo lako, ipo siku utaambiwa uwafundishe wanaoanza. Mara nyingi hupewi mtaala wala cheo. Unakabidhiwa kijana mwenye kinasa sauti, na taarifa ya habari ya saa bado inakusubiri. Nimeripoti na kufundisha kwa wakati mmoja kwa muda mrefu, na jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni hili: usiisome habari ya mwanafunzi wako. Mwambie akusomee.

Njia ya mkato inavutia. Unafungua skripti yake, unafuta hapa, unahamisha pale, na baada ya dakika 5 habari iko tayari kwenda hewani. Lakini yeye hajajifunza kitu, na kesho atakuletea nyingine ya namna ileile. Tena macho husamehe mengi. Msomaji wa gazeti akipotea hurudi nyuma mistari miwili. Msikilizaji hana pa kurudi.

Kijana mmoja aliwahi kuniletea sentensi hii: "Kutokana na kutokukamilika kwa ukarabati wa miundombinu ya usambazaji wa maji, wananchi 12,480 wameathirika kwa kukosekana kwa huduma hiyo, alisema meneja wa mamlaka ya maji." Nikamwomba aisome kwa sauti. Pumzi ilimwishia kwenye "usambazaji". Sikumwambia neno. Nikageuza karatasi na kumuuliza, "Kwani kumetokea nini?" Akajibu papo hapo: "Meneja wa maji anasema mabomba bado hayajatengenezwa. Watu zaidi ya elfu kumi na mbili hawana maji." Nikamwambia aandike hivyohivyo alivyosema.

Humo ndani mna karibu kila kanuni ya kuandikia redio. Anayesema hutajwa kabla ya kauli yake, maana alama za kunukuu hazisikiki. Namba hufupishwa ili ikae kichwani. Watu wametokea kama watu. Ningeweza kumhubiria kanuni hizo asubuhi nzima, ila kwa kuwa alizifikia kwa mdomo wake mwenyewe, zilimkaa.

Kwa ripoti yenye klipu, yaani vipande vya sauti za waliohojiwa, kaa umeipa kompyuta mgongo. Asome skripti yake na kuzicheza sauti mahali pake, na wewe usikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Andika tu pale ulipochoka au ulipopotea. Kosa la kawaida ni mwandishi kusema jambo, kisha klipu ikalirudia lilelile. Mambo ya hakika ayaseme mwandishi kwa ufupi; klipu ibebe hasira, furaha, mashaka, au lile aliloliona shahidi kwa macho yake.

Ya ufundi hayahitaji maneno mengi: maikrofoni ikae karibu na mdomo, pembeni kidogo ili herufi "p" isipasue; ahakikishe sauti haigongi kilele, yaani haizidi kiwango cha kinasa sauti ikakwaruza; avae visikilizio muda wote wa mahojiano. Ila hili la mwisho wengi hulidharau: kabla hajaondoka, anase ukimya wa mahali hapo, angalau nusu dakika. Kila chumba kina mvumo wake, na bila mvumo huo kila mkato wa uhariri utasikika.

Kuna somo jingine ambalo kwangu ni zito zaidi. Redio ya umma ni mali ya wanaoisikiliza, na kwenye redio ya eneo dogo, yule uliyemhoji leo utakutana naye kesho. Mfundishe kijana kupiga simu ya pili, kumpa anayelaumiwa nafasi ya kujibu kabla habari haijatoka, na kusahihisha hewani waziwazi pale kituo kilipokosea. Mweke karibu unapozungumza na kiongozi anayetaka habari iondolewe. Asikie unavyojibu kwa adabu, na habari inavyobaki palepale.

Haya yote yanakula muda, kwa hiyo uombe mapema. Mwambie mkuu wa kituo aiweke saa ya mafunzo kwenye ratiba ya zamu kama kazi nyingine, na siku hiyo mtu mwingine asome taarifa za saa. Huwezi kumsikiliza mtu kwa makini huku ukiwa na dakika 10 kabla ya kuingia hewani.